Ukilia, Watu Wajuaje?

Siku niliyopata habari ya kifo cha Ma Leokadia, niliuza dukani kuliko siku zote za mwezi ule. Simu iliingia asubuhi nikiwa nampimia mteja sukari. Aliyepiga alikuwa Oswadi, mpwa wa marehemu, aliyekuwa akiishi naye kule Igurwa. Alisema, "Da Rukia, Ma ametutoka alfajiri. Tunazika kesho." Nikamwambia poleni sana, nikakata simu, nikammalizia mteja sukari yake, kisha nikaanza kusema. Nilisema na kila aliyeingia. Nilimtania mama wa mihogo kuhusu kitenge chake kipya, nikamhoji kijana wa bodaboda habari za mchumba, nikacheka mwenyewe kabla hawajacheka wao, mpaka jirani yangu wa duka la simu akachungulia akauliza, "Leo kulikoni, Da Rukia? Maneno kama chiriku!" Nikamjibu kwamba biashara ni mdomo. Akaenda zake akitabasamu. Watu ambao wangenisikia asubuhi ile wakajua nina nini wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wote niliwapata katika mwaka mmoja, na mmoja wao ndiye huyo aliyekufa.

Wenzangu wakisimulia mwaka uliowafanya wawe walivyo, husimulia wa ujanani, wakiwa na meno yote na viatu vya kuazima. Wangu ulinijia nikiwa tayari navaa miwani ya kusomea. Habari za wazazi wangu, na jinsi watu wa pwani walivyofika kuuza vitenge Nkwenda, naziacha. Kila mwenye duka barabara ile anayo hadithi kama hiyo na zote zinafanana. Nianzie kwa daktari mmoja wa Mwanza aliyeniambia, nikiwa mtu mzima kabisa, kwamba ule ugeni niliozaliwa nao una jina, na jina lake ni usonji. Kuchoka na watu hata niliowapenda, masikio yasiyovumilia bati likinyeshewa, macho yangu kukimbia macho ya wenzangu, vyote vilikuwa na jina. Nilirudi nalo Nkwenda nikakosa wa kumpa. Nikaliweka kama mtu anavyoweka nguo mpya isiyo na sherehe ya kuvaliwa.

Daktari huyo huyo ndiye aliyenikutanisha na Edesia. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, mrefu, mwenye sauti isiyopanda wala kushuka, naye alikuwa na usonji kama mimi. Chuo kimoja kilikuwa kimekubali kugharimia utafiti juu ya watu wazima wenye usonji katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, na sharti la Edesia lilikuwa moja: wanaotunga maswali, wanaouliza, na wanaofasiri majibu, wote wawe na usonji wenyewe. "Mpaka leo wameulizwa mama zetu, walimu wetu na majirani zetu," aliniambia, akiutazama mzani wangu. "Sisi hatujaulizwa. Na hatujauliza." Sikuhitaji kushawishiwa. Nilimwachia binamu yangu duka, nikafunga begi.

Tulipanga nyumba Rubwera, nyuma ya ofisi za wilaya. Chumba kikubwa kilikuwa na benchi refu, nalo tuliliweka likitazama dirisha, na dirisha lilitazama kibanja cha migomba cha mwenye nyumba. Hivyo ndivyo tulivyokaa mwaka mzima, wote tumeelekea upande mmoja kama abiria wa basi lisiloondoka. Mwenzetu wa tatu alikuwa Deo, fundi redio, mtoto wa watu waliotoka Burundi kuja kulima mashamba ya wengine. Deo aliizima taa ya mrija siku ya kwanza kwa sababu ilikuwa inalia, na mimi nilikuwa nimeisikia tangu naingia nikidhani nimechanganyikiwa. Edesia alifunga kitambaa kwenye komeo mlango usigonge. Ndizi alipika Deo, maharage nilipika mimi, katika vyungu mbalimbali, maana Deo hakuweza kula ndizi iliyoguswa na maharage. Kila mtu alipakua alipotaka akala alipotaka. Hakuna aliyemwuliza mwenzake mbona huli, mbona umenuna, mbona uko kimya. Wageni wangesema nyumba ile imepooza. Mimi nilikuwa nakaa pale na sahani yangu mapajani nikihisi mabega yanashuka, mabega ambayo sikujua kwamba miaka yote nilikuwa nimeyabeba juu.

Nisidanganye lakini, upweke haukuisha. Jioni kila mmoja alirudi ndani ya kichwa chake na mlango ukafungwa. Ila ulikuwa upweke wenye majirani, na hilo ni jambo jingine. Siku moja nikiosha vyombo nilimsikia mama mwenye nyumba, upande wa pili wa ukuta, akizungumza na shoga yake. "Hawa wapangaji wako ni wagonjwa au watafiti?" shoga aliuliza. "Wanasema wao ni vyote viwili." "Haya! Mgonjwa akijitibu, daktari atakula wapi?" Wakacheka sana, nami nikacheka peke yangu juu ya sufuria. Nilimpelekea Edesia mzaha ule moto moto. Aliufikiria kwa muda mrefu, kisha akasema, "Waambie hatutibu mtu."

Tulijitungia kanuni zetu. Hakuna mtu atakayelazimishwa kututazama. Jibu linaweza kuja kesho au mwezi ujao. Jibu lisilo na maneno ni jibu. Mzazi wala ndugu hataulizwa kwa niaba ya mtu. Na tukaongeza moja ambayo tuliipenda kuliko zote: hatutasalimia. Salamu zilikuwa mzigo wetu sote. Shikamoo, habari za nyumbani, habari za shamba, za watoto, za tangu tulipoachana. Deo alisema zikifika mwisho yeye huwa hana tena neno la kubakiza kwa mazungumzo yenyewe. Kwa hiyo tungeingia taratibu, tungekaa, tungengoja. Tuliona ni heshima kubwa tunawapa watu wetu. Angekuwapo mmoja tu kati yetu asiye na usonji, angetushika mashati kabla hatujapanda pikipiki.

Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa ya Ma Leokadia, Igurwa. Mwenyekiti wa kijiji alitueleza kwamba mama huyo ana mwana mtu mzima, Projesti, ambaye hajawahi kusema, na mama alikuwa amekubali tuje, ila siku hakuambiwa. Tulimkuta uani anageuza kahawa iliyoanikwa kwenye mkeka. Tukaingia kwa mstari, vichwa chini, bila hodi, bila shikamoo, tukaketi barazani kimya. Ma Leokadia alisimama wima. Alitutazama mmoja mmoja. Akauliza: "Semeni. Kuna nini?" Edesia akamjibu ukweli mtupu, kwa sauti yake ile isiyopanda wala kushuka: "Tumekuja kwa ajili ya Projesti."

Yowe alilopiga mama yule sijalisahau. Majirani walitoka mashambani na majembe mikononi, wanawake wakaanza kujifunga khanga viunoni wakilia kabla hawajajua wanamlilia nani, na sisi watatu tukaziba masikio, Deo akajikunja kwenye kona ya baraza. Hapo ndipo Projesti mwenyewe alipotokea nyuma ya jiko, pande la mtu, naye ameziba masikio vile vile. Mama alipomwona hai, alikaa chini pale pale. Akanyoosha miguu, akacheka, akalia, akatutukana kwa Kinyambo, kisha kwa Kiswahili tusije tukakosa chochote. "Kwetu hapa anayeingia uani bila salamu ameleta kifo! Ninyi nani kawafunda?" Mzee mmoja akatikisa kichwa: "Watafiti gani hawa, hawajatafiti hata hodi!" Edesia aliomba radhi, akaeleza kanuni yetu, na watu wakazidi kucheka. Mwishowe Ma Leokadia alileta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama apewavyo mgeni, akanisogezea mimi kwanza. "Mmemfanya mtu amlilie mtoto aliye hai," alisema. "Sawa. Deni hilo nitawadai. Siku yangu ikifika, mje hivi hivi. Msinisalimie."

Projesti alikuwa na mahali pake nyuma ya jiko, penye kigoda na ukuta uliojaa misumari. Alichana maganda makavu ya mgomba akasokota kamba kutwa nzima, na kila iliyoisha aliizungusha akaitundika. Tulikwenda tena na tena kukaa karibu naye, tukichana maganda kama yeye. Ndugu walituambia tunapoteza muda, huyu hapendi watu. Baada ya kipindi cha mvua kupita, tulifika tukakuta kigoda cha pili kando ya chake, umbali wa hatua chache, nacho kimeelekea kule kule anakoelekea yeye. Hakuna aliyemwagiza. Edesia alikitazama kile kigoda mpaka machozi yakamlengalenga, na Edesia si mtu wa machozi. Lilikuwa jibu letu la kwanza: anapenda watu, hapendi kuzungukwa. Nilijua ni jibu langu pia, nikakaa.

Kila tulipokwenda, Ma Leokadia alitaka kusema, na kila mara Edesia alimzuia kwa adabu: "Samahani Mama, leo tunamwuliza yeye." Siku moja mama alichoka. "Nimemzaa, nimemlea, leo mimi ni mpita njia?" Akaingia jikoni. Nilimfuata, kwa kuwa nilimwonea huruma, na kwa kuwa palikuwa na mkungu unasubiri kumenywa. Tukaketi ubavu kwa ubavu, macho kwenye visu, maganda yakianguka miguuni. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Ndipo aliposema, bila kuulizwa na mtu.

"Ninyi mnamwuliza anapenda nini. Ni vizuri. Mimi hilo halininyimi usingizi. Mimi naogopa kitu kimoja tu, mwanangu. Nikifa, nani atajua kwamba analia?"

Nilimwuliza kwani yeye anajuaje.

"Huyu chozi halimtoki. Akiwa sawa anasokota. Akilia, anafumua. Alipokufa bibi yake alizifumua kamba zote, watu wakasema mwacheni anacheza. Mimi ndiye niliyeona." Alitupa ndizi kwenye sufuria. "Macho yangu yakifumba, ndiyo imekwisha hiyo."

Nililibeba neno lile mpaka Rubwera nikaliweka mbele ya wenzangu. Edesia alikataa. "Tumesema mzazi haulizwi. Jibu la mama si jibu la mwana." Alikuwa na haki, maisha yetu yote watu walikuwa wametusemea, na wengi walikosea. Lakini mimi nilikuwa bado nasikia kile kisu. Nikamwambia, "Hakunipa jibu. Amenipa swali. Si lazima tumwulize yeye, tuwaulize wenyewe." Edesia alilala nalo, kama ilivyokuwa desturi yake. Asubuhi, tumeketi benchini tukitazama migomba, alisema, "Basi tuanze na sisi. Ukilia, watu wajuaje? Deo."

Deo alifikiri. "Nafungulia redio mahali pasipo na stesheni. Nasikiliza ule upepo wake. Kaka yangu akiusikia, anajua."

"Mimi nafua," alisema Edesia. "Hata nguo safi. Mume wangu akiona kamba imejaa mashuka, haniulizi kitu, anachota maji." Kisha akaniita: "Rukia."

Nilitazama jani moja la mgomba lililochanika. "Naongea," nilisema. "Naongea sana. Natania watu."

"Na watu wajuaje?"

"Hawajui. Wanacheka."

Nje mama mwenye nyumba alikuwa anafukuza kuku. Deo alijisogeza kidogo benchini upande wangu, hakunigusa, akatulia pale. Nilikuwa nimeishi umri ule wote nikilia mbele za watu wanaocheka, wala sikuwahi kujihurumia. Siku ile nilijihurumia, na haikuwa vibaya kama nilivyodhani. Edesia akalichukua swali akaliweka la mwisho katika maswali yetu, na likageuka kuwa swali ambalo watu walilijibu haraka kuliko yote, hata wale wagumu, kana kwamba walikuwa wamekaa mlangoni wanangoja kuulizwa. Dokta msimamizi alipokuja kutoka chuoni, mtu mwema, asiye na usonji, aliuliza jambo kama hilo tutalipimaje. "Hatulipimi," Edesia alimwambia. "Tunaliandika ili apatikane wa kujua." Dokta akaliacha. Ripoti ilipotoka tulimpelekea Ma Leokadia tukamsomea. Alisikiliza kurasa zote amefumba macho. "Lile la kufumua limo?" Tukasema limo, bila jina la mtu. "Basi," alisema, akaleta kahawa ya kutafuna.

Mradi ukaisha jinsi miradi inavyoisha. Benchi lilirudishwa kwa fundi, mama mwenye nyumba akapaka rangi, na nilivyosikia mpangaji mpya aliwasha ile taa ya mrija. Edesia alimfuata mume wake aliyehamishiwa kazi mbali, Deo akaenda walikokwenda ndugu zake. Hatukuahidiana kupigiana simu; sisi si watu wa kupigiana simu. Nikarudi Nkwenda kwenye mzani wangu, na hapo ndipo nilipoujua upweke sawasawa. Ule wa zamani nilidhani ndiyo dunia ilivyo. Huu mpya ulikuwa na benchi ndani yake, na dirisha, na mtu anayejisogeza. Mara mojamoja nilikwenda Igurwa nikamenya ndizi na Ma Leokadia. Miaka ikapita, magoti yakaanza kunidai, na yeye akawa ananiuliza kila nikiondoka, "Unakumbuka deni?" Namwambia nakumbuka.

Kwa hiyo nilipofunga duka siku ile ya habari, niliwatumia wenzangu ujumbe. Simu ya Deo haikupatikana. Edesia alijibu jioni: "Nimepata. Siwezi kufika. Nafua."

Nilifika Igurwa kesho yake wakati wanarudi kutoka makaburini. Niliingia uani kichwa chini, sikupiga hodi, sikutoa shikamoo kwa mtu, kama nilivyodaiwa. Hakuna aliyeshtuka. Siku ile kila mtu aliingia hivyo. Nilikaa na wanawake juu ya majani yaliyotandazwa sebuleni, na kwa mara ya kwanza katika nyumba iliyojaa watu hakuna aliyetaka nimtazame. Ningeweza kukaa pale mpaka jua lizame. Lakini wanawake wawili nyuma yangu walikuwa wananong'ona.

"Na yule mwanawe?"

"Yuko nyuma ya jiko. Waitu jamani, hata hajui. Tangu jana anacheza na kamba zake."

"Afadhali yake. Hana uchungu."

Nikainuka. Nyuma ya jiko Projesti alikuwa kwenye kigoda chake, mvi zimemwingia kichwani, mikono inakwenda. Ukutani misumari ilikuwa mitupu. Kamba za miaka yote alikuwa amezifumua, na nyuzi zilimfunika miguu mpaka magotini. Kigoda cha pili kilikuwa pale pale, kimelainika kwa kukaliwa na mama yake. Oswadi alikuja nyuma yangu na sahani ya chakula. "Hajala tangu jana, Da Rukia. Sijui hata kama ameelewa. Hata kulia hajalia."

"Analia," nikamwambia.

Akamtazama usoni. "Wapi?"

Nikamwonyesha ukuta. Oswadi aliitazama ile misumari kwa muda, kisha akaiangalia mikono ya binamu yake, na uso wake ukabadilika. Aliweka sahani chini polepole. Nilimsikia amerudi uani, anawaambia kwa Kinyambo, na mazungumzo ya uani yakapungua, yakapungua, mpaka ukabaki ukimya.

Nikakaa kwenye kigoda cha Ma Leokadia, nimeelekea anakoelekea yeye, nikaanza kusema. Nilimweleza bei ya sukari ilivyopanda. Nilimweleza habari za jirani yangu wa duka la simu, za kijana wa bodaboda na mchumba wake, nikacheka, nikamtania kwamba amezeeka na hajanialika harusini, maneno yakanitoka kama maji kwenye bomba lililopasuka. Projesti hakunitazama. Aliinama, akapapasa chini ya kigoda chake, akatoa kamba moja iliyosalia, nene, iliyosokotwa vizuri. Akaitafuta ncha yake kwa kidole. Akaniwekea mapajani.

Nikanyamaza. Nikaishika ile ncha, nikaanza kufumua.